Kabla hujakubali kwamba una PCOS, ulizia vipimo hivi

Nina duka la pembejeo Uyole, hapa Mbeya. Ukutani kuna kalenda kubwa, na kila mkulima anayechukua mbolea kwa mkopo naandika tarehe yake kwa kalamu nyekundu. Ukiniuliza fulani alipanda mahindi lini, nakujibu palepale. Lakini siku daktari aliponiuliza, "Mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini? Na kabla ya hapo?" nilibaki namtazama. Nilichojua ni kwamba zinaruka, mara miezi miwili, mara mitatu.

Wakati huo nilikuwa nimeshaambiwa nina PCOS, ile hali ya homoni za mwanamke kuvurugika na ovari, yaani viungo vinavyotunza mayai yake, kuwa na vifuko vingi. Niliambiwa kwenye kituo kimoja baada ya altrasaundi ya dakika chache: "Dada, ovari zako zimejaa vivimbe." Hawakuniuliza swali wala hawakunitoa damu. Nikauziwa hapohapo dawa ya mitishamba ya kuyeyusha uvimbe, nikapanda bajaji nikilia mpaka nyumbani. Mwaka mzima niliishi nikiamini kuna kitu tumboni kinangoja kupasuka.

Neno hilo "uvimbe" limetutesa wanawake wengi. Vile viduara vyeusi kwenye picha ni vifuko vidogo vyenye mayai ambayo hayajakomaa, na kila mwanamke wa umri wa kuzaa anavyo. Kwa mwenye PCOS huwa vingi kwa sababu vinaanza kukua, halafu vinakwama njiani. Kwa mashine nzuri za sasa, mtaalamu anahesabu kama vimefika 20 au zaidi kwenye ovari moja, au anapima kama ovari ina ujazo wa mililita 10 na kuendelea. Hata vikifika hapo, picha peke yake haitoshi kukupa jina la ugonjwa.

Mwaka 2003 wataalamu walikutana Rotterdam, Uholanzi, wakakubaliana kwamba lazima mambo mawili kati ya matatu yawepo: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi (mwilini au kwenye damu), na ovari zenye vifuko vingi. Na kwanza magonjwa mengine yanayofanana na hilo yaondolewe. Kwa mtu mzima, ukiwa na hayo mawili ya mwanzo, picha si ya lazima tena. Mimi nilikuwa nayo yote mawili, ila hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo dada yangu, kipimo cha kwanza ni kalenda. Andika siku damu inapoanza, miezi sita au zaidi. Mizunguko ikizidi siku 35, au ukipata hedhi chini ya mara 8 kwa mwaka, huo ni ushahidi ambao daktari anaufanyia kazi.

Cha pili, usifiche mwili wako. Mimi nilikuwa na ndevu kidevuni, na asubuhi ya kwenda hospitali nilikaa dirishani na kioo na kibano nikazing'oa zote, maana niliona aibu. Daktari alipouliza kuhusu nywele nikasema sina. Nilirudi safari ya pili kumwambia ukweli. Ziache, au angalau sema.

Halafu damu. Daktari alianza na kipimo cha mimba, kisha homoni ya tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya kutengeneza maziwa) na testosteroni (homoni ya kiume). Akataja pia kipimo cha 17-OHP, cha kuangalia tatizo la tezi za juu ya figo ambalo linafanana sana na PCOS. Hicho kinachukuliwa asubuhi na mapema, siku za mwanzo za hedhi. Tezi ya shingo ikilegea, au prolaktini ikipanda, hedhi inaweza kuruka vilevile, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Prolaktini yangu ilitoka juu kidogo na nikaogopa. Daktari akaniuliza nilifikaje maabara. Nilikuwa nimetoka mbio kituo cha daladala, na nimechomwa sindano mara tatu mshipa ukitafutwa. Wasiwasi na maumivu hupandisha homoni hiyo. Nilirudia siku nyingine, nikapumzika kwanza kwenye benchi, ikawa sawa.

Kama unameza vidonge vya majira, sema mapema. Vinabadilisha majibu ya testosteroni, na kwa kawaida unatakiwa uviache kwa miezi mitatu kabla ya kupima. Usiviache kimyakimya, panga na daktari njia nyingine ya kuzuia mimba.

Kipimo ninachokisisitiza kuliko vyote ni cha sukari, maana PCOS huongeza hatari ya kisukari. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya Uyole mnaijua. Sikula kitu tangu usiku, nikapimwa, sukari ikawa 5.3, nikafurahi. Kisha nikapewa maji yenye gramu 75 za glukosi, matamu mpaka koo linakataa, nikajifunga vitenge viwili nikakaa benchi kwa muda wa saa mbili. Kipimo cha pili kikasoma 8.4. Kuanzia 7.8 hadi 11.0 mwili umeshaanza kushindwa kuimudu sukari, ingawa bado si kisukari. Ningeishia kwenye kile cha kwanza, nisingejua kitu.

Mdogo wangu yuko Iringa. Mwezi uliopita alinipigia: "Dada, huyu mtoto siku zake zinaruka, nimpeleke altrasaundi?" Binti ana miaka 15, alivunja ungo akiwa na 13. Nikamwambia asubiri picha. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unasema altrasaundi na kipimo cha damu cha AMH (homoni inayotolewa na vile vifuko vya mayai) visitumike kutafuta PCOS kabla ya miaka 8 tangu kuvunja ungo, kwa sababu ovari za binti huwa na vifuko vingi hata akiwa mzima. Ampeleke kwa daktari azungumze naye, apimwe damu ikihitajika, na amnunulie daftari la kuandika tarehe zake.

Mimi tarehe zangu sasa ziko dukani, kwenye kalenda ileile, kwa kalamu ya bluu. Na mwezi wa pili, katikati ya majina ya wanaochukua mbolea ya kukuzia, nimeandika siku ya kurudi kupima sukari.