Usihesabu helikopta, hesabu saa

Mdogo wangu amepata kazi ya kupanga safari za helikopta za misaada huko Bunia, mashariki mwa Kongo. Siku ya kwanza alinipigia simu kwa furaha: "Kaka, tuna helikopta za Mi-8 tatu!" Nikamuuliza ngapi zinaruka kesho. Kimya. Kazi hiyo hiyo niliifanya miaka minne, na swali hilo nilijifunza kuliuliza baada ya kuumia. Naliandika hapa kwa yeyote anayeanza.

Mwaka wangu wa kwanza niliahidi chanjo kwa kituo cha afya kilichoko milimani, Djugu. Kwenye karatasi nilikuwa na helikopta tatu. Asubuhi nikafika uwanjani nikakuta moja imefunguliwa injini, imefikisha saa za kuruka ambazo ikizifikia lazima ikaguliwe kwanza. Ya pili ilikuwa inasubiri kipuri tangu wiki iliyopita. Ya tatu ilikwishapangiwa kuhamisha majeruhi. Masanduku ya chanjo yakakaa kwenye kivuli cha kontena, barafu inayeyuka, na muuguzi ananipigia kila nusu saa kuuliza tumefika wapi, maana akina mama walikuwa wameshapanga foleni na watoto mgongoni. Mchana tukazirudisha kwenye jokofu la mjini. Walizipata siku ya tatu. Kosa lile lilikuwa langu, na sauti ya yule muuguzi bado ninayo masikioni.

Tangu siku hiyo nikawa na daftari. Kila helikopta mstari wake: saa za kuruka zilizobaki kabla ya ukaguzi, saa za kuruka zilizobaki kwenye mkataba wa mwezi huo, na kipuri kinachosubiriwa. Helikopta iliyobakiza saa 9 ukiipangia saa 3 kila siku, siku ya nne huna helikopta. Ni hesabu ya mtoto wa shule, lakini iandikwe kila jioni, baada ya kuzungumza na fundi mwenyewe. Msimamizi atakwambia kilichoandikwa kwenye ripoti. Fundi anajua kilichomo ndani ya injini. Mimi nilikuwa nampelekea mhandisi wetu chai ya tangawizi saa kumi na moja jioni. Anafuta grisi mikononi, anapuliza kikombe, kisha ananiambia ukweli: "Hii kesho usiitegemee."

Halafu kuna uzito. Vitabu vinasema Mi-8 hubeba abiria 24 au tani 4 za mzigo. Sawa, lakini toleo la Mi-8MTV haliruhusiwi kuzidi kilo 13,000 inaponyanyuka, na ikiwa tupu tayari ina zaidi ya kilo 7,000. Ongeza marubani wawili, mhandisi, na mafuta ya kwenda na kurudi. Bunia yenyewe iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Djugu imepanda zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likishapanda inazidi kuwa nyepesi, mapanga yanakosa cha kushika. Mizigo mizito ipeleke asubuhi. Kapteni akisema punguza magunia sita, punguza. Usibishane naye mbele ya abiria, wala pembeni.

Kuwa na helikopta za aina moja kuna raha yake, kwa sababu fundi mmoja anazijua zote na vipuri vinaingiliana. Lakini aina hiyo ikisimamishwa, zote zinalala. Tarehe 29 Aprili 2016, karibu na Turøy nchini Norway, helikopta ya EC225 iliyotoka kwenye kisima cha mafuta baharini ilichomoka panga kuu angani, na watu wote 13 wakafa. Norway na Uingereza zikasimamisha aina hiyo, na kazi nyingi za visimani zikahamia kwa helikopta za aina nyingine, S-92. Miaka michache baadaye S-92 nazo zikakumbwa na uhaba wa vipuri. Huku kwetu, Mi-8 hutengenezwa Kazan na Ulan-Ude nchini Urusi, ilhali injini nyingi zilitoka Zaporizhzhia, Ukraine. Tangu vita vya 2022, ukiambiwa kipuri kiko njiani, uliza kimeondoka lini na sasa kiko mji gani.

Jana mdogo wangu amepiga tena. Safari hii hakusema tatu. "Kaka, kesho tuna moja, imebakiza saa 11, na nimeshamwambia daktari."