Chenga kwenye negativu za nyeusi-nyeupe: kabla ya kuulaumu mkanda cheki skana

Mkuu hilo anga nyuma ya kilele cha Kibo kwenye picha uliyoskani nimelizumu, kweli limejaa chenga (vile vidoti-vidoti) kama TV ya antena, ila unavyouliza programu gani ya kuzifuta mi nisingeanzia huko. HP5 Plus, huo mkanda wako wa nyeusi-nyeupe wa 35mm, chenga inazo, ndo filamu ya ISO 400 ilivyo, lakini sio kiasi hicho, hapo nyingi kakutengenezea skana.

Ingia kwenye settingi uzime oto zote. Mchawi mkubwa ni ile ya kuongeza ukali wa picha, mara nyingi unaikuta imeshawashwa, yenyewe inakamata kila punje inaichorea ukingo halafu unasema mkanda mbovu. Oto ya mwanga nayo zima, inavuta kontrasti na chenga zinavutwa humohumo. Skani biti 16, seva kama faili la TIFF, picha itoke imepoa ya kijivu hata haivutii, kontrasti utaiweka mwenyewe baadae. Na Digital ICE, ile ya skana ya kufuta vumbi, usiiguse kabisa kwa filamu hizi, inasaka vumbi kwa infraredi na fedha iliyoko kwenye negativu inaziba infraredi, kwahiyo inaona picha yako yenyewe ndo uchafu inaanza kuparua. XP2 Super sawa, nayo ni nyeusi-nyeupe ila inasafishwa kwa dawa za mikanda ya rangi na fedha yote inatoka.

Dpi sasa, yaani piseli ngapi skana inachukua kwa kila inchi. Ukiskani ndogo punje haziingii vizuri kwenye piseli, zinagongana na skana inakutolea madonge makubwa ambayo kwenye filamu hayapo. Mi naskani 3200 alafu napunguza saizi mwishoni, fremu inatoka kama piseli 4500 kwa upana, wakati picha ya inchi 5x7 ya kuprinti kwa dpi 300 inataka 2100 tu, na katika kupunguza huko chenga zinalainika zenyewe. Usihukumu picha ukiwa umezumu asilimia 100 mangi, hamna mtu atakayeitazama hivyo ukutani.

Ukishazima hizo oto, kujua chenga zilizobaki ni za mkanda au za skana ni rahisi, skani fremu moja mara mbili bila kuisogeza uzilinganishe. Vidoti vikibaki palepale ni filamu, vikihamahama ni skana, na hapo ndo ile ya kupitisha skani mara nyingi kwenye VueScan (programu ya kuskani) inasaidia, kwa punje za filamu haisaidii kitu.

Kama unasafisha mkanda mwenyewe cheki na joto la dawa, huku Moshi mwezi wa pili maji ya bomba sio ya nyuzi 20 hata kidogo. Dawa ikiwa ya moto na wewe unafuata dakika za kwenye chati zilizopangwa kwa nyuzi 20, negativu inaiva kupita kiasi, inakuwa nzito na chenga juu. Kuipoza ni beseni, maji, barafu ya dukani, basi. Dawa ya D-76 itumie bila kuizimua, ukiizimua kwa maji kiasi sawa na dawa unapata ukali zaidi na chenga zinaongezeka kidogo. Dawa ya Rodinal kwa filamu ya 400 labda uwe unazitaka hizo chenga.

Baada ya yote hayo kama anga bado linakukera, ndo uchukue hiyo programu, lakini chagua anga peke yake ulainishe kidogo. Ukilainisha picha nzima theluji inakuwa kama plastiki na migomba ya mbele inageuka uji.