Bakuli linachomoka kwenye chaki, nikaze zaidi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Morogoro, nina kama miezi minne najifunza kukereza mabakuli, nina leth ndogo (mashine ya kuzungusha mbao) na chaki ya taya nne, kile kifaa cha leth kinachobana mbao. Juzi bakuli la mwembe la nchi 10 limechomoka nikiwa nachimba ndani, likapiga ukuta likapasuka. Kitako, yaani kile kipande cha chini ya bakuli kinachobanwa na taya, niliacha kirefu, sentimita 2 na nusu, ili taya zishike vizuri, na nilikaza kwa nguvu zangu zote. Je chaki ni mbovu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, nashukuru Mungu lilienda ukutani na sio usoni kwako. Chaki usinunue nyingine kwanza. Hiyo sentimita 2 na nusu ndo iliyokuponza. Wengi tunadhani kitako kirefu ndo kinashikwa zaidi, kumbe kikiwa kirefu kinagota huko ndani ya chaki kabla bakuli lenyewe halijakalia uso wa taya, basi bakuli zima linabaki linaning'inia, ukiligusa tu na bobari (patasi ya mfereji ya kukerezea) karibu na mdomo linayumba, mara ya pili ya tatu limechomoka. Milimita 6 hadi 8 zinatosha, ila pale kitako kinapokutana na bakuli pakate pawe flati kabisa, pakae juu ya taya mzunguko mzima bila mwanya. Na usikikate wima, kiwe chembamba kidogo shingoni kipanuke mwishoni, hapo taya zikibana zinalivuta bakuli lije kwao.

Sasa kitafute kile kitako ukitazame kwenye mwanga. Taya nne zinafanya duara kamili kwenye kipimo kimoja tu, zikiwa karibu kufungika, chaki nyingi ni milimita 50 hivi. Kitako kikizidi sana hapo zinauma kwa kona tu, utaona alama nane zimezama kwenye mbao. Kikiwa kidogo utaona nne. Alama ikizunguka karibu kote ujue kipimo kilikuwa sawa. Ila kwa bakuli la nchi 10 mimi ningetaka kitako cha nchi 3 na zaidi, kwahiyo ukipata hela tafuta taya kubwa za kufunga kwenye chaki hiyohiyo.

Hujasema mwembe ulikuwa mbichi au mkavu. Kama ni mbichi, kukaza kwa nguvu zote ndo kuponda nyuzi zenyewe, unakereza dakika kumi mbao imeshalegea. Kaza kiasi, zungusha kidogo, zima, kaza tena. Na mbao mbichi usiimalize siku hiyohiyo, acha ukuta wa nchi 1, lifunike na maranda yake kwenye mfuko wa karatasi miezi kadhaa, litakauka likiwa na umbo la yai, kitako nacho kitakuwa hivyohivyo, kwahiyo mwanzoni kiache kikubwa kidogo uje ukirudishe kwenye duara.

Senta ya nyuma, ile ncha ya upande wa pili wa leth inayotazamana na chaki, iache imelisukuma bakuli mpaka umechimba sehemu kubwa, ile mbao inayobaki katikati ikigusana na senta unaitoa mwishoni kabisa. Anza spidi ya chini, likishakaa sawa nchi 10 inataka mizunguko 600 hadi 900 kwa dakika. Ufunguo wa chaki toa kabla hujagusa swichi, vaa kinga ya uso mzima sio miwani tu, na wakati wa kuwasha simama pembeni, usikae kwenye mstari wa bakuli.