Mwanangu, usichukue taulo nene

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo, baba yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeupata: umepewa kazi ya kudarizi jina la nyumba ya wageni huko Bagamoyo kwenye taulo, mwenyewe anapenda zile nene kabisa, nawe unauliza uchukue zipi.

Zile nene usichukue. Najua zinavutia dukani, mkono unazama. Lakini vitanzi vyake, vile vijiuzi vilivyosimama juu ya taulo, ni virefu, uzi wako utakwenda kulala katikati yake na herufi nyembamba hazitasomeka. Ukilazimisha kuibana kwenye fremu ya kudarizia, inabaki na alama ya duara. Na masika ya pwani unayajua: taulo nene hushinda kambani, jioni ingali mbichi, mwisho inashika uvundo.

Tafuta pamba tupu ya uzito wa kati, gramu 400 hadi 550 kwa mita ya mraba. Kama lebo haisemi, pima mwenyewe. Taulo ya kuogea ya sentimita 70 kwa 140 inakaribia sana mita moja ya mraba, kwa hiyo gramu zinazosoma kwenye mizani ndizo unazozitafuta. Kisha itanue kwa vidole uitazame kwenye mwanga. Ukiona kitambaa cha chini kirahisi, vitanzi ni vichache, irudishe. Nzuri ina vitanzi vifupi vilivyosongamana. Zipo pia zilizokatwa vitanzi upande mmoja zikawa kama mahameli. Herufi hukaa vizuri mno juu yake, ila upande huo haunyonyi maji sawasawa. Hizo ziwe za zawadi za harusi, si za mtu anayetoka kuogelea.

Sasa angalia ule mkanda bapa karibu na pindo, maana wengi hawaujali. Unavutia kudarizi juu yake kwa kuwa hauna vitanzi, lakini mara nyingi hurudi, yaani husinyaa, zaidi kuliko sehemu nyingine ukifuliwa, na jina linajikunja pamoja nao. Chagua taulo yenye mkanda mwembamba, jina uliweke kwenye vitanzi, sentimita 4 au 5 kutoka kwenye mkanda kuelekea katikati ya taulo.

Zote zifue kwanza kwa maji ya uvuguvugu, bila dawa ya kulainisha. Pamba hurudi, uzi wa poliesta haurudi; ukidarizi kabla ya kufua, kitambaa kitavutana na uzi na kufanya makunyanzi. Na uzi uwe huo huo wa poliesta, kwa sababu taulo za wageni hufuliwa kwa jiki na uzi wa rayoni haustahimili.

Kwenye fremu bana kitambaa cha kushikiza, kile kinachokaa chini ya kazi isivutike, peke yake, taulo ilaze juu yake na uishikize kwa mshono mrefu pembeni. Juu ya taulo tandika ile plastiki nyepesi inayoyeyuka kwenye maji, ndiyo inayozuia vitanzi visichomoze katikati ya herufi. Bila hiyo usianze kabisa, hata mteja akikuharakisha. Herufi ziwe nene, za mshono wa kujaza.

Mwenye nyumba akishikilia msimamo wake, mdarizie taulo moja nene na moja ya kati, zifue zote mbili, umpelekee achague mwenyewe. Nami nitumie picha zake, mbele na nyuma, kabla hujanunua mzigo wote.

Mama yako