Ndoana ya manyoya Songosongo: maswali yenu

Tangu nisimulie safari yetu ya siku nne Songosongo, kisiwa cha Kilwa, tuliyojipangia wenyewe bila kampuni ya watalii, maswali hayajakatika. Nayajibu haya matano.

Uvuvi huo wa manyoya una tofauti gani na mshipi tuliouzoea? (Masasi)

Kwenye mshipi wetu chubwi ndiyo nzito, ukiirusha inavuta uzi. Huku chambo ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana, uzito hakina. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene, unaupunga nyuma na mbele mpaka ujinyooshe. Fito hupangwa kwa namba za uzito wa mshipi unaoendana nazo. Kwa changu fito namba 8 yatosha. Kwa kolekole wakubwa chukua namba 12, la sivyo utarudi na vipande.

Twende mwezi gani? (Lindi mjini)

Upepo wa kusi ukishika, Juni hadi Agosti, usipeleke familia ya watu visiwani kwa mashua ndogo. Subiri maleleji, upepo ukiwa umetulia, Oktoba na Novemba, kabla kaskazi haijapata nguvu.

Lakini mwezi wa kalenda ni nusu ya jibu, tazama na mwezi wa angani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kama dakika 50. Sasa fikiria: saa tano maji yanaanza kurudi juu ya fungu la mchanga, samaki wanapanda nayo kutafuta kaa, na jua liko karibu utosini. Kivuli cha samaki unakiona mchangani kabla hujamwona mwenyewe. Hizo saa mbili tatu ndizo zilizotupeleka kule. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, asubuhi maji yamejaa na fungu halikauki vizuri.

Maji hayo hayo ndiyo hatari. Siku ya pili nilikuwa namnyatia kolekole, nahodha akapiga ukelele. Kugeuka, mkondo nyuma yangu ulikuwa umeshafika kifuani. Nahodha akisema rudi, rudi, hata kama samaki yuko mbele yako. Na ukitembea majini buruza miguu, samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani.

Kwa nini msivue Msimbati, karibu na nyumbani? (Mtwara, Shangani)

Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Uvuvi mle una masharti yake, kwa hiyo anzia ofisi ya hifadhi, usitegemee maneno ya kijiweni. Hata Songosongo tuliulizia leseni kabla ya kuondoka Kilwa, na tulipofika tulipiga hodi kwanza serikali ya kijiji.

Mlikula nini? (Nachingwea)

Wali na samaki. Maji tulibeba lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na dumu moja zaidi la kusuuzia fito na rili, maana chumvi hula kila kitu.

Mnamvua samaki, halafu mnamwachia. Huko si kuchezea riziki? (Mvuvi, Kilwa Kivinje)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenikaa moyoni, kwa sababu nahodha wetu naye alinyamaza kimya siku nilipomrudisha kolekole wa kwanza. Kolekole mkubwa wa aina ile huanza kuzaa akikaribia sentimita 60, na yule alikuwa hajafika. Ndoana zetu tunazibana kijino ili zichomoke bila kumchana, na samaki hatumtoi majini. Hayo nilimweleza, lakini nilichelewa: mashua ni yake na bahari ni yake kabla haijawa yangu. Usiku ule tulikaa tukapatana. Wadogo wanarudi, wa kitoweo anawachagua yeye, na ujira wake haupungui tukivua tusivue. Safari ijayo mapatano hayo tutayafanya Kivinje, kabla ya kung'oa nanga.