Uwatu, mdalasini na birimbi: dawa za miti kwa mwenye sukari

Mwenye sukari hapa Unguja na Pemba hakosi mshauri. Akienda Darajani kununua ndimu ataambiwa achemshe majani ya mstafeli. Akikaa barazani ataambiwa mwarobaini. Akienda harusini atapewa kikopo cha unga ambao hata aliyempa hajui umechanganywa nini. Nasaha hizi hutolewa kwa mapenzi, na baadhi ya mimea inayotajwa kweli hushusha sukari. Tabu ni kwamba hushusha kidogo, nguvu yake haifanani mti na mti, na mingine huharibu figo au ini wakati mgonjwa anajiona yuko kwenye dawa. Ndiyo maana tunashauri mmea utumiwe kwa nidhamu ile ile ya kidonge: kwa kipimo, mmoja mmoja, na mashine ya kupimia sukari iwe karibu. Dawa za hospitali haziachwi. Na anayetumia insulini tangu utotoni asijaribu hata siku moja kuibadilisha na jani, kwa sababu mwili wake hautengenezi insulini, na hakuna mti unaoitengeneza.

Hospitali na miti si maadui. Metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi huanza nacho, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Mmea wenyewe ulikuwa sumu kwa mifugo. Wanakemia walitengeneza kitu kinachokaribiana na kile kilichomo ndani yake lakini chenye usalama zaidi, na mwaka 1957 daktari wa Kifaransa Jean Sterne akatangaza matokeo ya kukitumia kwa wagonjwa. Anayesema majani hayana kitu amekosea, na anayesema jani bichi ni salama kwa kuwa limetoka shambani naye amekosea.

Kabla ya kugusa mmea wowote, pima sukari ya asubuhi kabla ya kula kwa siku 7 na uandike kwenye daftari. Bila ya wiki hiyo hutajua baadaye kama mmea umefanya kazi au umejifurahisha tu. Kwa watu wazima wengi lengo ni kati ya 4 na 7 asubuhi, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula, kwa mashine inayosoma milimoli. Mashine yako ikitoa namba kama 126 au 180, hiyo inasoma miligramu. Gawa kwa 18. Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kuchoma kidole. Mtu aliyetoka kumenya embe akapima bila kunawa huweza kuona 14 wakati damu yake ina 8, maana iliyopimwa ni sukari ya embe. Kikopo cha stripu kifungwe mara tu unapotoa moja, kwani unyevu wa hewa yetu huziharibu upesi.

Baada ya hapo anza mmea mmoja, chakula na vidonge vibaki vile vile, na upe wiki 4. Kipimo cha HbA1c, kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, kisubiri miezi 3, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi siku kama 120 na kipimo hicho kinasoma sukari iliyoganda juu yake. Mwenye sikoseli amwambie daktari mapema, kwake kipimo hicho hudanganya.

Ukitaka kuanza na mmea mmoja tu, tunachagua uwatu. Kila duka la viungo linao, bei yake ni ndogo, na namna unavyofanya kazi inaeleweka: mbegu zake zina nyuzi zinazovimba zikapata utelezi, na utelezi huo huchelewesha wanga wa chakula kuingia kwenye damu. Chagua mawe, osha, tia kijiko kimoja cha chai (kama gramu 4) kwenye glasi ya maji, funika, iache usiku kucha. Asubuhi kunywa maji yake na utafune mbegu zote, kisha ule. Wengi huchuja wakanywa maji na kutupa mbegu, hapo wametupa dawa. Wengine huutia asali ili ushukike. Kijiko kimoja kikubwa cha asali kina gramu 17 za sukari, basi bora usingeunywa.

Wiki ya kwanza anza na nusu kijiko, kwani tumbo hujaa gesi na choo hulainika. Likizoea, panda hadi kijiko kimoja, na baadaye viwili kwa siku ukigawa asubuhi na jioni. Usiroweke zaidi ya saa 12. Kwa joto letu maji huchacha na kunuka. Uwatu wa unga usibugie mkavu, huvimba kooni na unaweza kukukaba. Vidonge vyako vimeze saa mbili mbali nao, la sivyo utelezi ule ule utavichelewesha. Jasho na mkojo vikianza kunuka harufu tamu kama ya sukari iliyoungua, usishituke, ni uwatu huo. Mjamzito asiutumie kwa wingi, anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aulize kwanza, na anayedhurika na karanga au dengu ajihadhari, maana zote ni jamaa moja.

Mdalasini nao unasifiwa mno, pengine kuliko unavyostahili: tafiti zake zinapingana. Ukiutumia, jambo kubwa ni aina. Ule wa mashamba yetu, wa Kizimbani na Kindichi, ni wa jamii ya Ceylon: ganda jembamba, matabaka mengi yamejikunja ndani kwa ndani, ukiuminya kwa vidole unavunjika. Mwingine wa kutoka nje, kasia, ni ganda moja nene, gumu, lililojikunja pande mbili. Kasia ina kumarini nyingi, na kumarini ikizidi huumiza ini. Kiwango kinachokubalika Ulaya ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 6, na kijiko kimoja cha chai cha kasia kinaweza kuipita. Ukishasagwa hutambui ni upi, kwa hiyo nunua vijiti usage mwenyewe. Nusu kijiko cha chai kwa siku kinatosha, kwenye uji au chai isiyo na sukari. Chai ya viungo yenye vijiko vitatu vya sukari haiokolewi na mdalasini.

Karela ni bora iliwe kama mboga kuliko kukamuliwa. Ipasue, toa mbegu zote, kata vipande vyembamba, paka chumvi uiache dakika 20, kamua maji machungu, kisha ipike na kitunguu, nyanya na bizari. Juisi yake kwenye tumbo tupu imewahi kuwashusha watoto sukari hadi wakapoteza fahamu, na mbegu zina kitu kinachoweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo), hali ambayo kwenye pwani zenye historia ya malaria si ngeni. Mjamzito aiache. Habasoda, inayouzwa kwenye kila duka la dawa za Sunna, gramu 2 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, inavumilika na watu wengi. Majani ya mlonge pika kama mchicha. Mizizi yake usiiguse. Chai ya majani ya mzambarau ilijaribiwa kwa wagonjwa Brazil na haikushusha kitu.

Sasa birimbi. Hapa hatutaki mzaha. Mbirimbi uko uani kwa watu wengi, na zimeenea habari kwamba juisi yake inashusha sukari na mafuta ya damu. Kerala, India, mwaka 2013 madaktari waliandika kuhusu wagonjwa 10 waliokunywa juisi ya birimbi iliyokolea, figo zao zikafeli ghafla. 7 kati yao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Sababu ni oksalati: birimbi imejaa asidi hiyo, ikifika kwenye figo inashikana na kalisi na kuwa chenga zinazoziba mirija. Mwenye sukari figo zake tayari zinabeba mzigo. Birimbi mbili tatu ndani ya mchuzi wa samaki, au achari kidogo pembeni ya wali, haina neno. Glasi ya juisi asubuhi, kamwe.

Mstafeli tunauweka karibu na hapo: majani na tunda lake vina anonasini, inayohusishwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson (maradhi ya kutetemeka na kukakamaa) kwa watumiaji wa muda mrefu huko Guadeloupe, visiwa vya Karibiani. Shubiri, ule utomvu wake wa njano ni haluli kali inayomwaga potasiamu ya mwili. Mafuta ya mwarobaini ni sumu kwa watoto.

Jihadhari zaidi na unga usio na jina unaoshusha sukari kwa siku moja mbili. Mmea haufanyi hivyo. Glibenklamidi, kidonge cha hospitali cha kushusha sukari, hufanya hivyo. Singapore mwaka 2008 watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa kushuka sukari baada ya kumeza dawa za nguvu za kiume zilizotiwa glibenklamidi kwa siri, 4 walikufa. Ukiona kikopo kinafanya muujiza, kiache na ukipeleke kwa mfamasia.

Mchanganyiko wa kuogopa hasa ni mmea pamoja na glibenklamidi au insulini. Jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuongea ovyo: pima. Ikiwa chini ya 4, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena. Halua haifai hapo, mafuta yake huchelewesha. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali; na aliyeshushwa na glibenklamidi apelekwe hata akizinduka, maana sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Ramadhani isiwe mwezi wa kuanza mmea mpya. Uwatu uliouzoea uhamishie kwenye futari, siyo daku, kwa sababu tumbo litakuwa tupu saa nyingi. Pima mchana, wanazuoni wengi wanasema kuchoma kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikapanda juu ya 16.6, fungua siku hiyo.

Ukienda kliniki, Mnazi Mmoja au Chake Chake, beba hicho unachotumia, jani au mbegu zenyewe, useme kiasi na saa unayotumia. Daktari akikuandikia kipimo cha figo au ini, atajua atafute nini. Na ukipangiwa upasuaji, acha dawa zote za miti wiki 2 kabla, uwatu na habasoda zikiwemo.