Fondesheni ikivuja ndegeni, usikimbilie vikopo

Swali: Wiki ijayo nasafiri kwa ndege kwenda harusini, nitakaa wiki mbili. Safari iliyopita fondesheni yangu ya chupa ya kioo, iliyokuwa imebaki chini ya nusu, ilivuja ikaharibu nguo. Losheni ya kukinga jua nayo ilichukuliwa kwenye ukaguzi ingawa ilibaki robo tu. Rafiki yangu ananiambia nihamishie kila kitu kwenye vikopo vya lenzi za macho. Kuna pia muuzaji mtandaoni mwenye "seti za safari", yaani vipodozi vya chapa kubwa vilivyogawanywa kwenye vichupa vidogo. Na nimesikia nisiweke vipodozi kwenye begi la kukabidhi kwa kuwa sehemu ya mizigo haina presha ya hewa. Nishike lipi?

Jibu: Dada, hakuna hata moja kati ya hayo matatu la kushika. Mimi ni mkemia wa vipodozi, na kila msimu wa safari maswali ya namna hii hunijia yakiwa na ushauri uleule ndani yake: hamishia kwenye vikopo. Nitafika huko, na nitakaa huko kidogo.

Habari ya losheni ni fupi. Mkaguzi hapimi kilichobaki, anasoma namba iliyoandikwa kwenye chombo. Chupa ya 150 ml yenye robo ya losheni ni chupa ya 150 ml. Kanuni hii ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kuvunja njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, na mpaka leo viwanja vingi vinataka kila chombo kisizidi 100 ml na vyote vikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki angavu wa lita moja. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya za ukaguzi vimelegeza masharti, ila unaweza kupita navyo unapoondoka halafu ukanyang'anywa unaporudi. Maskara, glosi ya mdomo, krimu na jeli zote huhesabiwa kuwa majimaji. Poda haihesabiwi, ingawa kwa ndege zinazoingia Marekani poda inayozidi 350 ml inaweza kukaguliwa zaidi. Ukiwa na poda kiasi hicho usoni, tatizo lako si uwanja wa ndege.

Sasa kuvuja. Ndege za abiria hupandisha presha ndani, lakini haziipandishi mpaka ile ya usawa wa bahari. Hewa ya ndani hufanana na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na kwenye kiwango hicho cha juu presha hushuka hadi karibu robo tatu ya ile ya pwani. Hewa uliyoifungia chini ya kifuniko hutaka kutanuka kwa takriban theluthi moja. Chukua chupa ya 100 ml iliyobaki na 30 ml za fondesheni: ndani mna 70 ml za hewa, na huko juu hewa hiyo inataka nafasi ya zaidi ya 90 ml. Hizo 20 na ushei hazina pa kukaa, kwa hiyo husukuma. Chupa ikiwa imelala, kinachosukumwa nje kupitia pampu au uzi wa kifuniko ni fondesheni. Chupa mpya iliyojaa, yenye 5 ml za hewa tu, inatafuta nafasi isiyofika 2 ml, na kwa kawaida haivuji.

Hapo ndipo nilipotaka ufike. Kilichokuharibia nguo ni hewa iliyokuwa chupani. Ukubwa wa chupa haukuwa na kosa. Ukihamishia fondesheni kwenye kikopo kisha ukakijaza nusu, umelibeba tatizo lilelile ndani ya chombo chenye kifuniko dhaifu zaidi.

Na sehemu ya mizigo ina presha. Kwenye ndege za kawaida za abiria sakafu ya kabini haitenganishi presha mbili; juu na chini ni ile ile. Huko chini panaweza kuwa baridi zaidi, na mabegi hurushwa bila huruma, lakini fondesheni haiwezi kulipuka kwa sababu tu umeikabidhi. Kinachodaiwa kule ni mambo mengine. Sprei iwe na kifuniko kinachozuia kibonyezo, kopo moja lisizidi 500 ml, na ukijumlisha sprei, manukato na rangi za kucha usizidi lita 2. Betri za akiba na pawabenki, ikiwemo ya kuchajia kioo chako cha taa, hazikabidhiwi kamwe. Unapanda nazo.

Kwa fondesheni yako, fanya hivi. Kama pampu yake inafunguka, ifungue, tandaza kipande cha nailoni safi mdomoni mwa chupa, rudisha pampu juu yake ukaze, kisha ifunge ndani ya mfuko wake peke yake na uisimamishe. Tyubu ni rahisi zaidi: ikamue taratibu hadi hewa itoke na krimu ifike mdomoni, ndipo ufunge. Vyombo vya pampu visivyoingiza hewa, vile ambavyo kitako chake hupanda kadiri unavyotumia, husafiri vizuri kuliko vyote, kwa hiyo ukinunua fondesheni nyingine fikiria hilo. Poda iliyoshindiliwa huvunjwa na mtikisiko. Weka pamba bapa kati yake na kifuniko, iliyojaa kiasi cha kuibana bila kuzuia kasha lisifunge.

Tuje kwenye vikopo vya lenzi. Sielewi nani alianzisha ushauri huu, lakini ningependa auache. Watu wanadhani kipodozi ni kile kilichomo na chupa ni pambo la dukani. Sivyo. Fondesheni ya majimaji, losheni, seramu na maskara vina maji au unyevu ndani yake, na penye maji bakteria huzaana. Kinachowazuia ni kihifadhi, nacho huwekwa kidogo mno. Fenoksiethanoli, mojawapo ya vinavyotumika sana, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya haitakiwi kuzidi asilimia 1. Kiwandani tunapima kihifadhi hicho pamoja na chombo chake: mdomo una upana gani, hewa inaingia kiasi gani, kidole kitagusa au hakitagusa, plastiki itanyonya sehemu ya kihifadhi au haitanyonya. Unapokamulia bidhaa ile kwenye kikopo ulichosuuza kwa maji ya bomba na kukipangusa kwa upande wa kanga, umeongeza maji, umeongeza vijidudu na umefungua mdomo mpana wa kuchovya vidole kila asubuhi. Kile kipimo hakikuhesabiwa kwa mambo hayo.

Na hapa ni kikopo cha lenzi! Madaktari wa macho huwasihi wavaaji wa lenzi wabadilishe vikopo hivyo mara kwa mara kwa sababu vinajulikana kuwa maficho ya *Pseudomonas aeruginosa*, bakteria anayeweza kutoboa kioo cha jicho na kuacha kovu. Kutumia kikopo kilichowahi kubeba lenzi kuwekea wanja wa krimu ni hatari. Kukirudisha kwenye lenzi baada ya safari, chenye mabaki ya fondesheni kwenye kingo, ni hatari zaidi, na nimeulizwa kama inafaa. Haifai. Maskara nayo usiihamishe wala kuilegeza kwa maji au mate, popote ulipo.

Plastiki pia si moja. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha polistireni, ile plastiki ngumu inayopasuka kwa mlio ambayo vikopo vingi vya bei rahisi hutengenezwa nayo. Mafuta ya ngozi za machungwa na malimau, yaliyomo kwenye manukato mengi, huila vilevile. Seramu ya vitamini C na krimu za retinoli huharibiwa na hewa na mwanga, ndiyo maana hupakiwa kwenye vyombo vya giza vyenye mdomo mdogo. Ukiihamishia vitamini C kwenye kichupa kinachoonyesha itageuka njano, kisha kahawia, na utakuwa unajipaka kitu kilichokwisha kazi. Losheni ya kukinga jua ndiyo ninayoikatalia kabisa kuhamishwa, kwa sababu ikipungua nguvu huioni wala huinusi. Unakuja kuambiwa na jua lenyewe. Nunua ya 50 ml iliyofungwa kiwandani, au ikabidhi ile kubwa.

Vipo vinavyohamishika bila kuniudhi: shampuu, sabuni ya maji na mafuta ya kuondolea vipodozi, kwa kuwa hivyo vyote unavisuuza. Tumia chupa mpya, iliyokauka kabisa, andika jina na tarehe, na kilichobaki baada ya safari kimwage. Usikirudishe kwenye chupa mama.

Sasa huyo muuzaji wa seti. Tuseme ni mwaminifu na alichogawa ni bidhaa halisi. Bado amefungua chombo kilichofungwa, amegawa kwa mikono ambayo hukuiona, mezani ambapo hukufika, na ameacha kwake kila maandishi yaliyokuwa yakulinde: orodha ya viambato, namba ya bechi, na ile alama ya kopo lililofunguliwa yenye 6M au 12M inayokueleza miezi ya kutumia tangu lilipofunguliwa. Lilifunguliwa lini? Yeye anajua, au hajui. Chapa ikiondoa bechi fulani sokoni kwa sababu ya uchafu, mwenye chupa yake halisi ataangalia namba. Wewe utaangalia nini?

Na wengi si waaminifu. Kichupa cheupe chenye kibandiko cha kuchapa nyumbani ndicho chombo wanachokipenda wauzaji wa krimu za kung'arisha ngozi. Hidrokwinoni, steroidi kali na hata zebaki hupita humo kwa jina la "krimu ya usiku, saizi ya safari", na maandishi machache huwasaidia wao zaidi ya wewe. Siku uso utakapovimba au macho yatakapoanza kutoa usaha ukiwa ugenini, daktari atakuuliza kwanza ulijipaka nini. Mwenye chupa halisi atamwonyesha orodha ya viambato na matibabu yataanza kwa kulenga. Mwenye kichupa kisicho na maandishi atatibiwa kwa kubahatisha, huku sampuli ikisubiri maabara.